Mikono Haikosekani Kalengera

Daftari letu lilikuwa na kurasa nne na mchoro mmoja wa penseli. Nyumba nne kwa Jumamosi nne. Kila nyumba mita 4 kwa 6, vyumba viwili na sebule, mlango mmoja wa sentimita 80, madirisha mawili. Kuta za mbao, paa la mabati. Wajenzi tulikuwa saba, marafiki tuliosoma pamoja Goma: mwalimu, muuguzi, dereva, mwenye kibanda cha simu, wawili waliosomea ujenzi wakakosa kazi ya ujenzi, na mimi ninayeandika. Tulikuwa tumepanga hata saa ya chai.

Jumamosi ya tano ilipofika, nyumba moja ilikuwa imeezekwa, ya pili ilikuwa miti mitupu kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na mbili zilizobaki zilikuwa bado daftarini. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 2025. Hakuna aliyetuibia wala aliyetufukuza, gari halikuharibika njiani hata mara moja, na sisi wenyewe hatukugombana zaidi ya kawaida yetu. Mpango ulipwaya tu, kama suti ya kuazima.

Kalengera iko Rutshuru, kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma ikapita Kibati na Kibumba chini ya volkano ya Nyiragongo, ikafika Rugari na kwenda zake hadi Rutshuru na Kiwanja. Watu wa mjini tunaijua kwa dirisha la gari: migomba, mikaratusi, mafungu ya viazi kando ya njia, na vijana wakisukuma chukudu, zile skuta za mbao, zilizosheheni makaa. Tunapita. Aliyewahi kushuka ni yule mwenye ndugu huko, au aliyekuwa anakimbia. Mei 2021, volkano ilipolipuka na siku chache baadaye gavana akaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, maelfu ya watu wa mji walipanda barabara hiyo kuelekea Rutshuru na wakalala kwa watu wasiowajua. Wawili kati yetu saba walikuwa miongoni mwao. Ndiyo sababu wazo la kwenda kujenga lilipozuka, kijiji hakikuchaguliwa kwa kura. Deni lilikuwapo.

Na barabara iliyowapokea wakimbizi wa volkano haikukaa sana kabla ya kutoa wakimbizi wake yenyewe. Ilikuwa imeshapitiwa na vita vya waasi wa M23 vya 2012 na 2013. Vilirudi mwishoni mwa 2021, na kufikia mwisho wa Oktoba 2022, Rutshuru na Kiwanja zilipotekwa, watu wa vijiji vya njia hiyo walikuwa wamebeba magodoro kichwani wakishuka kuja Kanyaruchinya, mlangoni mwa Goma. Waliokaa makambini wakazoea kuhesabu miaka. Kisha Januari 2025 M23 wakaingia Goma kwenyewe, na mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka mji zikaondolewa kwa siku chache. Familia zilivunja vibanda, zikakunja turubai, zikafunga miti mafungu mafungu, zikarudi zilikotoka. Mwezi Machi, kama kila mwaka, mvua ilianza. Wengi iliwakuta chini ya turubai ileile ya kambini, ila safari hii imesimikwa juu ya msingi wa nyumba yao wenyewe.

Hilo la turubai tulilijua. Picha zake ndizo zilizotusukuma. Tusilolijua tuliambiwa nusu saa baada ya kushuka garini.

Kulikuwa na koko mmoja, yaani mzee, ameketi juu ya jiwe la volkano, bakora kati ya magoti, anatuangalia tukishusha majembe na misumeno tuliyoazima mjini.

"Mulikuja wangapi?"

"Tuko saba, koko."

"Saba." Akatazama viganja vya muuguzi wetu, akatazama vyangu, vilivyozoea kalamu. "Huku mikono haikosekane, mwanangu. Vijana wamejaa. Manjanja njo hakuna."

Manjanja ni mabati, kwa Kiswahili chetu cha Kivu. Na koko hakuwa anatutania. Nyuma yake kulikuwa na vijana wasiopungua kumi waliokuwa wanajua kuchimba shimo la nguzo, kufunga fito, kukanda udongo na kuupiga ukutani, kazi ambazo baba zao waliwafundisha kabla hawajaota ndevu. Walikuwa wanangoja kuona kama kuna kibarua. Tulikuwa tumesafiri na bidhaa pekee ambayo kijiji kilikuwa nayo tele, tukiwa tumeilipia nauli.

Najua jinsi tulivyofika hapo. Tulipokaa kupanga, swali letu la kwanza lilikuwa: sisi tuna nini? Tukaona tuna Jumamosi, tuna nguvu, tuna urafiki wa miaka. Mpango ukaota kutoka kwenye mizizi hiyo, na pesa ikaja baadaye kama kiambatisho, mstari wa mwisho wa ukurasa wa nne. Kwa watu wa Kalengera pesa ilikuwa mstari wa kwanza. Udongo upo bure. Mawe ya msingi yapo, volkano imeyagawa kwa karne nyingi bila kudai risiti. Miti inapatikana kwa bei ya jirani. Lakini bati na msumari havioti shambani, na vitani bati ndilo linaloondoka kwanza, maana ni jepesi kubeba na rahisi kuuza. Nyumba nyingi tulizoziona zilikuwa na kuta zilizosimama nusu, zimeoshwa na mvua kwa sababu kofia zake zilichukuliwa. Ukuta wa udongo usio na paa ni tope linalosubiri zamu yake.

Hesabu ya pesa nayo ilikuwa na visa vyake. Mabenki ya Goma yalikuwa yamefungwa tangu vita vya Januari. Michango tuliyoahidiwa na ndugu walio nje iliingia kwa simu, na ili simu itoe noti mkononi unampitia wakala, na wakala naye anakata sehemu yake kwa kuwa noti zenyewe ni adimu. Kila dola mia iliyoandikwa daftarini ilifika dukani imekonda. Tulikuwa tumeandika bati la geji 30. Tukanunua geji 32, ambalo ni jembamba zaidi, na tukarudi tumefurahi kwamba tumeokoa kitu.

Fundi tuliyempata hapohapo kijijini alilishika bati moja kwa ncha, akalitikisa. Likalia kama karatasi. Hakusema kitu, alitembea hadi kwenye rundo la miti na kuanza kuhesabu. Bati jembamba linataka mapao yaliyokaribiana, la sivyo upepo unaoshuka Virunga utalikunja kama chapati. Kwa hiyo miti zaidi, misumari zaidi, siku moja zaidi ya fundi. Tulichookoa dukani tulikilipa juu ya paa, na kidogo cha ziada.

Fundi huyo ndiye aliyeurekebisha mradi mzima, ingawa jina lake halikuwamo katika mpango na malipo yake vilevile. Tulidhani fundi ni sisi, hasa wale wawili wenye diploma. Walijua kuchora, na walijua saruji. Hawakujua kwamba mkaratusi uliokatwa wiki iliyopita hujipinda ukikauka na kuuvuta ukuta mzima. Hawakujua pia kuunguza mguu wa nguzo motoni hadi ngozi yake iwe makaa, kisha kuupaka mafuta machafu ya gari, ili mchwa wausogelee polepole. Kwa bahati nzuri walikuwa na akili ya kujifunza. Siku ya pili mmoja wao alikuwa ameshakuwa saidia fundi kamili, anapokea amri na kujibu "ndiyo, fundi", na sijawahi kumwona akiwa na furaha namna ile.

Kosa letu kubwa zaidi la michoro lilikuwa la watu wa Goma. Tuliandika kuta za mbao kwa sababu nyumba, vichwani mwetu, ni ya mbao. Sisi ni watoto wa mji ambao sehemu yake ilifunikwa na lava Januari 2002, tukakulia juu ya mwamba mweusi usiochimbika, ambako huwezi kuzamisha msingi wala kupata udongo wa kukanda. Mbao ziliwafaa wazazi wetu: zinapigiliwa haraka, zinakaa juu ya mawe, na mlima ukikasirika tena unaweza kuzing'oa ukahama nazo. Mitaa mizima ya Goma ilifufuka hivyo. Kalengera haijajengwa juu ya lava mbichi. Ina udongo mzito mweusi, mzuri, na ukuta wa udongo uliopigwa vizuri hushika joto usiku, jambo ambalo mtu aliyelala Rutshuru mwezi Juni analielewa bila kuelezwa. Tena mama mwenye nyumba ya kwanza alitueleza jambo ambalo hatukulisoma popote: mbao ni kuni. Watu wakikimbia na wengine wakija kulala katika nyumba zao, mbao za ukutani ndizo zinazopikia. Udongo hakuna anayeuchoma.

Basi tukafuta neno "mbao" daftarini, tukaandika "udongo", na mara moja Jumamosi nne zikawa hazitoshi. Udongo una subira yake. Unaupiga mara ya kwanza, unaacha ukauke, unapasuka, unaupiga mara ya pili kuziba nyufa. Huwezi kuuharakisha kwa sababu gari la kurudi mjini linaondoka saa kumi.

Kuhusu hiyo nyumba ya kwanza nina jambo moja la aibu la kusimulia, na ni la chakula.

Tulikuwa tumepanga tusiwe mzigo kwa mtu. Ukurasa wa tatu ulisema: mkate, makopo ya sadini, maji ya chupa. Tulijiona waungwana. Saa saba tukaketi kivulini, tukafungua makopo yetu. Mama mwenye nyumba akatoka nyuma na sufuria ya maharagi, ndizi za kupika na lenga-lenga. Alikuwa ameamka alfajiri. Tuliziangalia sahani, tukatazamana, na dereva wetu, ambaye ana moyo mwema kuliko sisi sote, akamwambia kwa upole: "Mama, asante, wape watoto. Sisi tunacho."

Alisimama na ile sufuria. Hakukasirika kwa namna ya kuonekana. Alisema tu: "Njo kusema munajenga nyumba yangu, na mimi siko ndani?" Akarudi nyuma.

Ilinichukua siku kadhaa kulifahamu swali hilo. Watu wa Bwisha, eneo la kimila ambamo Kalengera imo, wanazungumza Kinyabwisha, ndugu wa Kinyarwanda, na katika lugha hizo kuna neno umuganda. Siku hizi ukilitamka, mtu anafikiria kazi za lazima za kufagia barabara. Asili yake ni mti wa kujengea: umuganda ni ule mti wenyewe wa nyumba. Mtu akitaka kujenga aliita ndugu, marafiki na majirani, wakaja na mikono yao, na jina la mti likahamia kwenye kazi yenyewe. Aliyejengewa naye alikuwa na sehemu yake isiyopungua. Alipika, na kama alikuwa na migomba alikamua kasiksi, na alikuwa anajua kwamba msimu ujao ataitwa kwa mwingine. Wapare wana msaragambo, Wakamba wana mwethya, na nadhani kote huko sufuria ilikuwa jikoni tangu alfajiri. Kwetu Kongo neno lililotangulia akilini ni salongo, na salongo iliharibiwa jina zamani za Mobutu, ilipogeuzwa kuwa amri ya Jumamosi yenye orodha ya wasiofika. Labda ndiyo maana tulipoanza kuitana kwa hiari tulikosa lugha yake. Tulichukua ile ya mashirika: walengwa, wanufaika, kutokuwa mzigo. Mnufaika hapiki. Mwenye nyumba anapika.

Jumamosi iliyofuata tulikuja bila makopo. Tulikula maharagi, tukaomba tuongezwe, na mama akamcheka muuguzi wetu jinsi alivyoshika tope. Kazi ilikwenda kasi kidogo zaidi, au ilionekana hivyo. Vijana kumi wa siku ya kwanza walikuwa wameshaingia kazini. Watatu tuliwalipa pamoja na fundi. Wengine walikuja kwa sababu mama aliwaita yeye mwenyewe, kwa udugu wao, na hao hatukuwa na haki ya kuwalipa.

Kazi ya nyumba ya pili ilikwama kwa sababu nyingine kabisa, na hiyo hata maharagi hayakuweza kuitatua.

Mwenye nyumba ya pili ni mjane. Jina lake lilitoka kwa kapita wa kijiji, likathibitishwa na wenzake wa shirika kanisani, na hakuna aliyebisha kwamba anastahili. Tulichimba mashimo, tukasimika nguzo, tukafunga fito za kwanza. Ndipo shemeji yake akaja, amevaa koti, mtu mwenye adabu. Alitushukuru. Kisha akauliza: "Hii nyumba itakuwa ya nani?"

Ilikuwa nyumba ya mjane, tukasema. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jibu la mtoto. Kiwanja ni cha baba yake na marehemu. Turubai juu ya kiwanja hicho halikumsumbua mtu, turubai ni mgeni. Nyumba ya manjanja ni dai. Ikisimama, na mjane akiolewa tena, au akifa, au watoto wakigombana, mabati hayo yatakuwa yanasema jambo ambalo ukoo haujakubali kulisema. Kapita alitutaka tungojee kikao cha familia. Tuliweka majembe chini.

Kitabu cha sheria hakikutusaidia sana. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Lakini nyumba hiyo haipo, vita viliila, na haki ya kutumia nyumba isiyokuwapo ni kitu cha kuwafurahisha wanasheria. Juu yake kuna sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyotangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Kwa ardhi za vijijini zinazokaliwa kwa mila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais itakuja kuweka utaratibu. Amri hiyo ilingojewa miaka hamsini na ushee. Katika pengo hilo wanaishi mamilioni ya watu, na ndani yake yule mjane, na ndani yake mashimo yetu kumi na mawili.

Mwaka huohuo wa 1973, upande wa pili wa nchi, Mmarekani mmoja aliyekuwa tajiri kisha akagawa utajiri wake alifika Mbandaka pamoja na mke wake Linda na watoto. Aliitwa Millard Fuller. Alikuja kujenga nyumba za watu maskini akishirikiana na kanisa la huko, kwa wazo alilolianzisha na rafiki zake katika shamba moja la Georgia: nyumba ijengwe na wanaojitolea pamoja na familia yenyewe, iuzwe bila faida na bila riba, na kinachorudishwa kidogo kidogo kijenge nyumba ya mwingine. Lengo lilikuwa watu 2,000 wapate makazi. Walikaa miaka mitatu. Mwaka 1976 wakarudi Marekani na kuanzisha Habitat for Humanity, ambayo leo kila mtu anayeona picha za Jimmy Carter na nyundo anaijua. Wachache wanajua kwamba mazoezi yake ya kwanza nje ya Marekani yalifanyika kwetu, kando ya mto Kongo, karibu kabisa na ikweta.

Kiwanja cha Mbandaka kiliitwa Bokotola. Fuller alilitumia jina hilo kwenye kitabu chake cha 1977, akieleza kwamba maana yake ni mtu asiyependa wengine, kwa kuwa palikuwa ukanda uliotenga nyumba za Wabelgiji na za Waafrika. Kujenga nyumba za maskini hapo lilikuwa jambo zuri, na bado naliona zuri. Lakini angalia kilichoufanya mradi huo uwezekane: ardhi ilikuwa tupu, katikati ya mji, na haikuwa na shemeji. Kalengera hakuna Bokotola. Kila kipande kina marehemu wake. Na ile hekima ya mkopo usio na riba, ambayo Marekani ni ukarimu, ilikuwa inapandwa Zaire miaka ileile noti ya Mobutu ilipoanza kuyeyuka. Mkopo usio na riba katika noti inayoyeyuka ni zawadi inayokua kila mwezi. Ni vizuri kwa mwenye nyumba wa kwanza. Yule anayengoja zamu yake ndiye anayeulipia.

Nasema hivi bila kumdharau Fuller. Alikaa miaka mitatu. Sisi tulikuwa tunarudi mjini saa kumi.

Tena tukipimana na serikali zetu, marafiki saba wenye daftari si wabaya wa kupanga. Tanzania, kati ya 1973 na 1976, ilihamisha mamilioni ya watu kuingia vijiji vilivyopimwa kwa kamba kandokando ya barabara, na wengi walianza kwa kulala nje. Kwetu, programu ya siku mia moja ya Rais Tshisekedi ya 2019 ilikuwa na mkataba wa nyumba 1,500 za kuunganishwa, kwa dola milioni 57. Kesi yake ilivuma 2020 kwa sababu ilimpeleka gerezani mkurugenzi wa ofisi ya Rais, Vital Kamerhe. Mwaka 2022 aliachiliwa huru, mahakama haikumkuta na hatia, na hilo liachwe kwa mahakama. Kinachonikera mimi ni hesabu ya darasa la sita: milioni 57 kugawa kwa 1,500 ni dola 38,000 kwa nyumba. Mwalimu katika kundi letu aliipiga kwenye vumbi kwa kijiti, kisha akaandika pembeni gharama ya nyumba yetu ya kwanza, pamoja na kosa la bati na malipo ya fundi. Vijana walizitazama zile namba mbili, mmoja akazifuta kwa mguu.

Kikao cha familia kilifanyika Jumatano ambayo hatukuwapo. Kapita alituambia kwa simu kwamba ukoo umekubali mjane akae "mpaka watoto wakomae", na kwamba shemeji mwenyewe atakuja kupiga udongo. Kama hayo ni makubaliano au kuahirisha ugomvi, sijui niyaiteje. Kapita aliandika kwenye karatasi, mashahidi wakaweka dole. Karatasi hiyo haina uzito wowote Kinshasa. Kalengera ina uzito wa watu sita waliokuwapo.

Kwa hiyo mpango wa sasa hauna tarehe ya mwisho. Tumeacha kwenda saba kila wiki: nauli ya watu watano inanunua mabati. Wawili wanakwenda, kwa zamu, na wanalala huko. Wengine tunabaki mjini kutafuta pesa na kuzifuata kwa wakala. Haina picha nzuri. Mwenye kibanda cha simu, aliyejiunga akitaka kutoka mjini, sasa ndiye asiyetoka kabisa, maana yeye ndiye anayejua wakala gani ana noti. Michango miwili ilikauka tulipoacha kutuma picha zetu tukiwa na tope usoni. Waliobaki wanatumiwa risiti za misumari.

Mwisho wa Agosti mawingu yalishaanza kujikusanya nilipokwenda zamu yangu. Nyumba ya mjane ilikuwa imepigwa udongo mara ya kwanza na fremu ya mlango ilikuwa tayari, sentimita 80 kama ilivyochorwa, kazi ya rafiki yangu mwenye diploma, imenyooka kweli. Mjane akatoka kwa jirani na watoto wake wawili wamebeba mlango. Mlango mzima, wa mbao ngumu nyekundu, wenye bawaba zake na tundu la kitasa. Ulikuwa wa nyumba ya zamani. Usiku wa kukimbia, mumewe, aliyekuwa bado hai, aliung'oa akauficha chini ya majani ya migomba kwa jirani ambaye hakukimbia. Ulilala huko miaka yote ya kambi.

Fundi akauegemeza kwenye fremu. Ulizidi kila upande kwa vidole vinne.

Rafiki yangu alisema tunaweza kuukata. Mjane hakujibu, aliweka tu kiganja juu ya mbao. Fundi akamtazama, akachukua msumeno, akaenda kwenye nguzo ya fremu yetu, akamwambia kijana amshikie chini.